Ovawochi Imetufanya Waoga, na Kuhesabiwa Zamu Si Dawa

Wasee, leo nitasema kitu itaudhi wengi. Kitufe mnachobonyeza kuliko vyote kwenye XCOM, kile cha kumwambia askari "kaa hapo, nyamaza, yeyote akisonga mpige," ndicho kinaua utamu wa hiyo gemu. Ovawochi. Mko na ruhusa ya kunitusi, lakini someni kwanza.

Kwa wale hawajawahi kucheza, XCOM ni gemu ya zamu. Unasogeza watu wako wote, unamaliza, halafu adui naye anasogeza wake. Zamu yake ikifika wewe unakunja mikono unaangalia, vile unafanya kwa drafti. Ovawochi ndiyo inavunja hiyo sheria kidogo. Askari wako anaweka risasi akiba mpaka zamu ya adui, na adui akisonga mbele ya macho yake anafyatua mwenyewe bila kukuuliza.

Wazo lenyewe ni la kitambo. Space Hulk, gemu ya meza ya mwaka 1989, ilikuwa nalo: askari amesimama kwa korido nyembamba ya meli iliyoachwa angani, na kila hatua mnyama anapiga kumfuata, anampiga risasi. Lakini ukirusha dadu na namba zifanane, bunduki inakwama, na yule mnyama bado anakuja. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1988, Mwingereza anaitwa Julian Gollop alitoa Laser Squad, na huko pia askari angeweza kufyatua kwa zamu ya mwenzake. Gollop huyo huyo, pamoja na ndugu yake Nick, ndio walitengeneza XCOM ya kwanza kabisa mwaka 1994, ile iliitwa UFO: Enemy Unknown. Nitarudi kwa huyo buda, kwa sababu alikuwa na kitu waliomfuata walitupa.

Yenye wengi wetu tunajua ni ya 2012, XCOM: Enemy Unknown ya Firaxis, ambayo ilifika kwa simu za Android mwaka 2014. Hapo kila askari ana vitendo viwili kwa zamu. Cha kwanza unatembea, cha pili unapiga, ama unaweka ovawochi. Sasa fikiria uko mwanzo wa ramani na hujaona adui hata mmoja. Kitendo cha pili utakifanyia nini? Hakuna wa kupiga. Basi unaweka ovawochi, kwa sababu ni ya bure. Na kitu cha bure tunakijua sisi, tunakichukua hata kama hatukihitaji.

Ongeza hii. Adui wa 2012 wanakaa kwa vikundi, na vita haianzi mpaka muonane. Mkionana, wanapewa nafasi ya bure ya kukimbilia mahali pa kujificha. Kwa hivyo ukikimbia mbele kwa fujo unaweza kuamsha vikundi viwili kwa mpigo, na hapo timu yako imekwisha. Lakini ukitambaa, hakuna anayekudai chochote. Mchezaji yeyote mwenye akili timamu anafanya hesabu na jibu linatoka moja: songa hatua chache, wote ovawochi, maliza zamu. Songa hatua chache, wote ovawochi, maliza zamu. Kuna binamu yangu anacheza hivyo kwa simu na ramani moja inamchukua jioni nzima. Chaji inaisha, anachomeka, tokeni za stima zinaisha, anangoja, stima ikirudi bado askari wake wako pale pale nyuma ya lori wanaangalia barabara iko wazi. Na anashinda! Hiyo ndiyo inaniuma. Gemu inamlipa kwa kuboeka.

Mashabiki wa mpira mnaijua hii kitu kwa jina lingine. Kupaki basi.

Najua jibu mko nalo tayari: "Lakini hata wanajeshi wa ukweli hufanya hivyo." Hapana, hawafanyi hivyo, na hapa ndipo watu huchanganya. Mbinu ya jeshi inayobeba jina hilo ni ya kubadilishana. Kikosi kimoja kinatulia na bunduki zimeelekezwa mbele, kingine kinakimbia kuvuka uwanja. Kikifika, kinatulia chenyewe, na wale wa nyuma ndio wanakimbia. Wa kulinda yuko pale ili mwenzake aweze kusonga. Ukitoa yule anayekimbia, huyo anayelinda hana kazi. Sasa angalia vile tunacheza: wote sita wanasonga kidogo, wote sita wanakaa. Hakuna anayemlinda mtu, kila mmoja anajilinda mwenyewe. Sita wanaogopa kwa pamoja, hiyo ndiyo timu.

Na huo ulinzi wenyewe ni dhaifu kuliko unavyodhani. Askari mgeni wa XCOM ya 2012 ana shabaha ya 65. Risasi ya ovawochi inazidishwa kwa 0.7, kwa hivyo anabaki na 45 na nusu, nikiweka kando umbali na mengine yote. Chini ya nusu. Hata ukiweka wanne hivyo, kuna nafasi ya karibu asilimia 9 kwamba wote wanne watakosa, yaani karibu mara moja kwa kila mara 11. Ukicheza kampeni nzima hiyo itakupata, na ikikupata utapiga makelele ati gemu imekuibia.

Haijakuibia. Wewe ndiye hukuangalia. Ukipiga kwa zamu yako mwenyewe, kioo kinakuonyesha asilimia: 72, 48, 90. Unaiona, unapima, unaamua, halafu ukikosa ni wewe na Mungu wako. Ukiweka ovawochi huonyeshwi namba yoyote. Hujui ni adui yupi atatokea, wala atatokea umbali gani, wala kama risasi inastahili kutumika kwake. Ni kama kumpa mtu simu yako na PIN ya M-Pesa umwambie, "mtu akikuja kudai, mlipe." Nani? Yeyote. Ngapi? Yoyote.

Hapa nirudi kwa drafti, kwa sababu sioni mwalimu mzuri kuliko ile meza ya chini ya mti na vifuniko vya soda. Mtaani kwetu sheria ni kula ni lazima. Ukitegewa, unakula, hata kama unaona kabisa ni mtego. Wazee wanakumaliza na hiyo sheria. Anakupa kete moja kama zawadi, unakula kwa sababu huna hiari, anakuruka tatu na kufika nyumbani. Anayelazimika kujibu anaendeshwa na yule anayeanzisha.

Ovawochi ni kula ni lazima. Askari wako atampiga wa kwanza kusonga, basi. Akitokea mnyonge ambaye hata ngumi ingemtosha, risasi imeenda kwake. Yule mkubwa akija nyuma yake, bunduki iko kimya. Na wewe ukiwa upande wa pili unalijua hili vizuri, kwa sababu ndivyo unawafanyia adui wakikuwekea ovawochi. Unamtuma askari wa aina ya Assault mwenye Lightning Reflexes, ambaye risasi ya kwanza ya kujibu lazima imkose. Anapita katikati ya barabara, wanafyatua, wanakosa, na wenzake wanapita nyuma yake wakitembea kama wanaenda duka. Tunawacheka adui kwa kushikwa na huo mtego, halafu zamu ikirudi tunaweka wote sita hivyo hivyo.

Firaxis wenyewe waliona shida. Kwa upanuzi wa 2013, Enemy Within, walileta Meld, mikebe imetawanywa kwa ramani na kila mmoja una zamu chache kabla haujajiharibu. Ukiutaka, utoke mafichoni. Hiyo niliipenda. Ni zawadi imewekwa mahali pa hatari, na una haki ya kusema hapana.

Halafu 2016 ikaja XCOM 2, na huko wakachoka kubembeleza. Misheni nyingi zina hesabu ya zamu pale juu, ikifika sifuri umepoteza. Watu walikasirika noma sana. Haikuchukua muda wachezaji wakawa wametengeneza modi za kuiondoa, na wengi mpaka leo hawachezi bila hizo modi. Mimi niko katikati. Waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika, lakini sababu waliyotoa haikuwa yenyewe. Walisema saa inawanyima muda wa kufikiria. Si kweli, unaweza kukaa dakika 40 kwa zamu moja na hakuna anayekufukuza. Shida ni kwamba saa iko nje ya vita. Inasukuma aliyejificha na aliyekimbia kwa nguvu sawa. Ovawochi yenyewe haikuguswa, imebaki bure vile ilivyokuwa, sema tu umefungiwa kengele shingoni.

Chukua mpira tena. Kombe la Dunia la 1990 huko Italia lililalamikiwa sana kwa kujilinda kupita kiasi. Timu ikifunga moja, kazi ilikuwa kurudisha mpira kwa kipa, kipa anaudaka, anautoa kwa beki, beki anamrudishia, kipa anaudaka tena. Bure, salama, inachosha kufa. Wenye mpira hawakupunguza dakika 90. Mwaka 1992 walibadilisha kitu kimoja: mwenzako akikupasia kwa mguu makusudi, kipa huruhusiwi kuudaka. Bado unaweza kurudisha nyuma ukitaka, lakini sasa kuna mshambuliaji anakuja mbio na kipa ana miguu tu. Njia ya salama iliwekewa bei. Kutoka hapo makipa wakalazimika kujifunza mpira, na leo kipa asiyejua pasi hana kazi kwa timu kubwa.

Bei ndiyo Gollop alikuwa nayo 1994. Kwa gemu yake hakuna vitendo viwili, kuna pointi za muda. Kila hatua inakula pointi, kugeuka kunakula, kupiga kunakula. Na kila askari ana namba ya wepesi. Adui akisonga mbele yako, gemu inachukua wepesi wako na kuuzidisha kwa sehemu ya pointi ulizobakisha, inafanya hivyo kwa adui, halafu inalinganisha. Mwenye nyingi ndiye anafyatua. Sasa tazama uzuri wake. Askari aliyekimbia mpaka pointi zikaisha ana sifuri. Hata awe mwepesi namna gani, hajibu, amechoka. Na adui anayekuja mbio kutoka mbali anapungua kila hatua, kwa hivyo anavyokukaribia ndivyo inakuwa rahisi kumpiga. Kulinda hakukuwa kitufe cha bure mwisho wa zamu. Kila pointi uliyoacha kwa ajili ya kulinda ni hatua hukuenda, kona hukuchungulia. Ulikuwa unaulizwa swali kila zamu, na swali lilikuwa na uzito.

Na lilikukata pande zote mbili. Mlango wa ndege ukifunguka mwanzo wa misheni, adui wako nje na pointi zao zimejaa. Wa kwanza kushuka alikuwa kama kondakta wa matatu ameshukia kwa mgambo. Watu walijifunza kurusha bomu la moshi kabla ya kutoka, ama kutanguliza kifaru, ama (manze, hii ni roho mbaya lakini ilikuwa kawaida) kumtanguliza askari mgeni kabisa ambaye hata jina lake hujalisoma.

Sisemi turudi 1994. Hiyo gemu ilikuwa na vitufe kama rubani anaendesha ndege, na kuhesabu pointi 4 za kugeuka ni adhabu. Lakini kuna waliofanya hesabu upya bila hiyo takataka. Gears Tactics ya 2020 inakupa vitendo vitatu kwa askari, na ukiweka ovawochi, vitendo ulivyobakisha ndivyo risasi utakazopata. Ukitumia kimoja kutembea, umepoteza risasi moja. Halafu huangalii kila mahali. Unachora pembe kwa mkono wako, kama mwanga wa tochi, na askari analinda hapo tu. Phoenix Point ya 2019, ya Gollop mwenyewe akiwa amerudi, nayo ina hiyo pembe. Ukichora vibaya adui anapita kando na kukusalimia. Adui wakichora zao kwa Gears Tactics unaziona chini kwa ardhi, na sasa una kazi ya kufikiria: nipite kando, ama nimkatize kwa bastola kwanza? Kitu kilikuwa cha kungoja kimekuwa cha kucheza.

Hata Polytopia, hiyo wengi mnacheza kwa simu darasani mkidhani mwalimu haoni, iko na majibu ya kujiendesha. Ukimpiga mtu akabaki hai na uko ndani ya umbali wake, anakurudishia. Lakini hapo hakuna bahati nasibu. Unajua kabla hujapiga kama utarudishiwa, kwa hivyo mpiga mishale anasimama mbali na mwenye rungu. Hiyo haimfanyi mtu muoga kwa sababu jibu linatokana na hatua yako, na umeliona likija.

Tena niwe mkweli, XCOM 2 hiyo hiyo yenye saa ndiyo ina ovawochi tamu kuliko zote nimewahi kucheza. Mwanzo wa misheni nyingi timu yako haijaonekana. Unawazungusha askari taratibu, huyu juu ya paa, huyu nyuma ya gari, huyu kwa kona ya ukuta, wanne wanaweka ovawochi, wa tano anafyatua ya kwanza. Adui wanashtuka, wanakimbilia mafichoni, na wote wanne wanawamwagia. Mkiwa bado mlikuwa mmejificha, ile adhabu ya shabaha haipo. Moyo unadunda kabisa. Na angalia kwa nini inafanya kazi: wewe ndiye ulichagua mahali, ukachagua saa, ukachagua nani aanze. Risasi inajiendesha lakini uamuzi ulikuwa wako, na ulishaufanya. Baada ya hapo mkishaonekana, kitufe ni kile kile na kinarudi kuwa blanketi la kujifunika.

Wengi wetu tunawapa askari majina ya marafiki. Mko na Brayo, mko na Shiro, mko na yule dem alikukataa form three. Brayo akifa kwa sababu ulimtuma avuke barabara kubeba majeruhi, utamkumbuka, utasimulia watu wiki nzima. Akifa kwa sababu risasi ya kujibu ilikosa kwa zamu ambayo si yako, wakati wewe ulikuwa umefungua dirisha lingine unaangalia video, hakuna stori hapo. Ulikuwa hata huko.

Kwa hivyo nikipewa dakika tano na watu wa kutengeneza XCOM ijayo, siku ikifika, nitawaomba vitu viwili tu. Pembe, nichore mwenyewe mahali askari wangu anaangalia. Na bei, nikitembea nisilinde vizuri kama aliyekaa. Saa waichukue warudi nayo nyumbani.

Na wewe, kabla hujaniandikia ati sijui kucheza: chukua misheni ya kwanza ya wiki hii, weka ovawochi kwa askari watatu tu, wale wengine lazima wasonge kila zamu. Uniambie Brayo alirudi ama hakurudi.